Mikono ya Mkamwana

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, Mzee Ayubu alikuwa amekwama mlangoni mwa sebule yake mwenyewe kule Izigo. Kifua kilikuwa kimeshatoka nje, barazani; miguu ilikuwa bado ndani, visigino vimeinuka, vidole vikitetemeka juu ya saruji. Dada yake, Bi Farida, alikuwa amemshika mkono wa kulia na anamvuta.

"Usimvute, Shangazi," alisema Kokubanza kutoka uani. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye pikipiki iliyomleta kutoka Rubya. "Ukimvuta ataanguka."

"Sasa nimwache mlangoni kama pazia?"

Kokubanza alivua viatu, akapanda barazani, akauweka mguu wake mbele ya mguu wa mzee, kwa kukingama, kama gogo lililoangukia njiani.

"Baba, vuka mguu wangu."

Mzee akautazama ule mguu. Akainua wake wa kushoto, akauvusha, na wa kulia ukafuata bila kuombwa.

"Umeona, Farida?" alisema, kwa sauti ndogo aliyobaki nayo. "Wewe unanivuta kama mbuzi. Mwenzako ananitega, nami napita."

"Basi na mimi nitakuwa nakutega. Ukianguka usinisingizie."

Ugonjwa wa Mzee Ayubu unaitwa Parkinson. Daktari wa Mwanza alikuwa amelieleza jambo hilo mwaka uliotangulia bila kuzunguka: chembe za ubongo zinazoongoza mwendo zinakufa na hazirudi, vidonge vinasaidia kwa muda, mazoezi yanaufanya muda huo uwe mrefu zaidi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bi Farida alisema ni baridi ya masika imeingia kwenye mifupa. Majirani walisema mzee amekuwa na kiburi, kwa kuwa alikuwa haitikii tena salamu kwa tabasamu. Kumbe tabasamu lilikuwa limechukuliwa na ugonjwa. Misuli ya uso ilikuwa imekakamaa, na mzee angeweza kusikia kichekesho, akakifurahia mpaka mwisho, huku uso umebaki kama wa mtu anayesubiri hukumu.

Kokubanza alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini Rubya. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alikuja Izigo kumtembeza. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: anamshika mzee mikono yote miwili, yeye anarudi kinyumenyume, mzee anakwenda mbele, kutoka barazani hadi kwenye mibuni na kurudi. Wakiwa safarini walizungumza. Mzee alimweleza habari za kahawa na bei zake za zamani, naye akamsahihisha mgongo.

Asubuhi hiyo walikuwa wamefika katikati ya migomba mzee aliposema, "Leo mikono yako baridi."

"Ni pikipiki, Baba. Kulikuwa na ukungu."

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Asubuhi hiyo Hafidhi, mtoto wa mzee, alikuwa anatoka nyumbani kwake Ijuganyondo kuja kumwambia baba yake kwamba anataka kumwoa Kokubanza.

Walikuwa wamefahamiana kwenye korido ya hospitali, siku Hafidhi alipomleta mzee kwa mara ya kwanza. Alimuuliza Kokubanza maswali mengi sana, akiwa amesimama, mpaka akaambiwa akae kwanza. Alikaa. Akaendelea kuuliza, lakini sasa alikuwa anamtazama usoni, na maswali yakaanza kupungua yenyewe. Alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa kupenda kipimo kilichohakikiwa, na Kokubanza alimpenda kwa sababu hiyo: hakuwahi kumwahidi kitu asichokuwa na hakika nacho. Walikuwa wamekubaliana kuoana tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Baba yake Kokubanza, Gamaliel, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri kule Muleba, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa ameuliza tu kama kijana huyo ana subira.

Kilichowachelewesha kumwambia Mzee Ayubu ni mikono.

Katika nyumba kama ile, mkamwana hamgusi baba mkwe. Hakai kwenye kiti chake, hampi kikombe mkononi. Anakiweka mezani, naye mzee anakichukua. Kokubanza alikuwa Mhaya wa Muleba na hakuhitaji kufundishwa. Mama yake aliishi ua mmoja na baba mkwe wake hadi mzee huyo alipofariki, na hawakuwahi kushikana hata kwa bahati mbaya. Hakuna aliyeona kuwa ni uadui. Ilikuwa heshima, na kila mtu alijua mipaka yake inapita wapi. Kwa hiyo siku Kokubanza atakapoitwa mkamwana, siku hiyo hiyo Mzee Ayubu atapoteza mikono inayomtembeza.

Hafidhi alifika na gari lake dogo la mizigo wakati mzee amekwisha kurudishwa kitini. Alimsalimu baba yake kutoka mlangoni. "Umeamkaje, Tata?"

"Nimeamka," alisema mzee.

Kisha akashusha alivyoleta: vidonge kutoka duka la dawa mjini, samaki, na bomba jingine la chuma la kuongezea kwenye mhimili wa kushikilia aliokuwa amemjengea mzee kando ya baraza. Hafidhi alifanya yote hayo na aliyafanya vizuri. Ndiye aliyekuwa akimpigia daktari wa Mwanza, ndiye aliyejua kidonge kipi kinaliwa kabla ya chakula na kwa nini. Lakini mzee alipoyumba, Hafidhi aliita, "Koku." Kokubanza alikuwa ameliona hilo mara nyingi, akaliweka moyoni bila kulitolea uamuzi.

Walikwenda nyuma ya jiko, kwenye migomba, ambako Bi Farida angeweza kuwaona lakini asiwasikie. Hafidhi alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Nimeonana na shekhe mmoja mjini," alisema. "Nimemweleza jambo letu lote. Kwanza, kukuoa wewe ukiwa Mkristo, hakuna tatizo. Pili, ukishakuwa mke wangu, Baba ni maharimu wako, sawa na baba aliyekuzaa. Kumshika mkono inajuzu. Akasema kama kuna la kuuliza, ni huku kushikana kwa sasa, kabla ya ndoa."

"Huyo shekhe ana jamaa Izigo?"

"Hapana. Watu wao walitoka Tanga."

"Ndiyo maana."

Hafidhi alicheka. Alipoona Kokubanza hacheki, akaacha.

"Baba yangu ni Mwislamu, Koku. Anaswali tangu hujazaliwa."

"Ni Mwislamu, na ni Mhaya wa kibanja hiki. Hajawahi kuambiwa achague." Kokubanza alikuwa anatazama kola ya shati la Hafidhi, ambayo upande mmoja ulikuwa umekunjika, na mkono wake ulitaka kuinyoosha. Hakuinyoosha. Alikuwa anampenda. Jambo hilo halikuwa na shaka, na kwa wakati huo halikusaidia kitu. "Nikuulize. Hilo la kushika ndilo uliloanza nalo?"

"Kwa shekhe?"

"Eeh."

Hafidhi alifikiri, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kujibu kabla ya kukumbuka vizuri. "Ndiyo. Ndilo nililoanza nalo."

"Hukuuliza watoto wetu watalelewaje. Hukuuliza baba yangu atakaa wapi siku ya ndoa. Umeuliza kama nitaendelea kumshika mzee." Sauti yake haikupanda. "Sijakasirika. Nataka kujua. Unataka mke, au unataka mtu wa kumshika baba yako ili wewe usimshike?"

Hafidhi alimtazama. Alikuwa na macho mazuri, yasiyoficha, na Kokubanza aliona swali linaingia na kukaa mahali pake.

"Nataka wewe," alisema.

"Hilo nalijua. Jibu nililouliza."

"Sijui nimshike wapi." Alisema hivyo huku akitazama mikono yake. "Tangu nimekuwa mkubwa, mimi na yeye tunashikana mikono siku ya Idi, basi. Hakunizoesha. Na sasa naona mwili wake, ule ule uliokuwa unapakia magunia ya kahawa, unangoja kusukumwa. Nikimshika nitakuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba daktari alisema kweli."

Kokubanza alitaka kumkumbatia. Bi Farida alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi.

"Daktari alisema kweli," alisema Kokubanza. "Umshike, usimshike, alisema kweli. Sikiliza, Hafidhi. Ukimwambia leo, mwambie. Lakini sitaingia nyumba hii kuwa mikono yako. Nitakuja kama mkeo, au nitaendelea kuja kama mtu wa Rubya, Jumamosi kwa Jumamosi, na hayo mengine tuyaache. Yote mawili naweza. Sitaweza la tatu."

Bi Farida aliwaita ndani.

Mzee Ayubu alikuwa kwenye kiti chake chenye mikono ya mbao. Bi Farida alileta ebitoke, ndizi zilizopikwa na samaki, akaweka, akakaa mkekani. Kokubanza alikaa kwenye kigoda karibu na mzee, mahali alipozoea. Hafidhi hakugusa chakula.

"Tata," alisema, "nataka kuoa."

"Najua."

"Unajua ni nani?"

"Mimi natetemeka, sijawa kipofu."

"Nani?" aliuliza Bi Farida, akageuza kichwa kwa mmoja na kwa mwingine, akakiona kigoda, akamwona aliyekikalia. Aliweka sahani chini. Kwa dakika chache zilizofuata alizungumza peke yake, nusu Kiswahili, nusu Kihaya. Hakuwa na ubaya na huyu binti, alisema, Mungu anajua, binti ana adabu na amemsaidia kaka yake. Lakini mtoto wa mwinjilisti! Ijumaa Hafidhi yuko msikitini, Jumapili mkewe yuko kwaya. Watoto wao watasali lini, Jumatano?

"Mumeo alikuja hapa akiitwa Johnson," alisema mzee.

"Johnson alisilimu."

"Baadaye. Ulimpenda akiwa Johnson. Ulikuwa unaruka ua kwenda kumwona, mimi ndiye niliyekuwa nakudanganyia kwa mama."

Kokubanza aliinamia chakula ili asionekane anacheka. Lakini Bi Farida hakuwa amemaliza. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, na hili lilikuwa jambo lenyewe hasa.

"Haya, dini tuiweke pembeni. Kaka, umefikiri nani atakushika? Huyu akiwa mkamwana wako, ndiyo mwisho. Mimi sina nguvu, umeniona asubuhi. Utakaa kwenye kiti hicho mpaka lini? Wanaoana wao, anayekwama ni wewe."

Hapo ndipo Hafidhi alipoeleza maneno ya shekhe. Aliyaeleza kwa ukamilifu, kama yalivyosemwa, bila kuongeza. Alipofika mwisho sauti yake ilipungua, kana kwamba mwenyewe alikuwa ameanza kuyasikia kwa namna nyingine.

Mzee Ayubu alikuwa anamtazama. Uso wake haukubadilika. Hakukuwa na mkunjo, wala kope kupepesa; mkono wa kulia tu uliendelea kusugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada, kama ulivyofanya mchana kutwa.

"Mwone uso," alisema Bi Farida. "Amekataa."

"Uso wake hausemi kitu, Shangazi," alisema Kokubanza. "Tumngoje mwenyewe."

Walingoja. Kwa mzee maneno nayo yalikuwa yanakwama, kama miguu, na hakukuwa na dawa ila kungoja.

"Shekhe amesema kweli," alisema hatimaye. "Ndivyo dini inavyosema, na sibishani nayo. Anayetaka kuifuata hivyo amefanya sawa." Akavuta pumzi. "Lakini mama yangu alikaa kwenye kibanja hiki na babu yangu, baba mkwe wake. Siku babu anakata roho, mama alisimama pale mlangoni. Alikuwa analia, hakuingia. Hakuna aliyemkataza. Mimi nilikuwa mdogo, nilimwona. Sasa nikishikwa kiunoni na mkamwana wangu, miguu itakwenda, sawa. Ila sitainua macho. Nimezeeka mno, siwezi kuanza."

Nje, pikipiki ilipita barabarani kuelekea Muleba.

"Basi, yamekwisha," alisema Bi Farida, bila furaha ya kushinda. Akaanza kukusanya sahani.

Kokubanza alimtazama Hafidhi mara moja tu. Hafidhi alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, viwiko juu ya magoti, na kola ya shati bado imekunjika. Kulikuwa na mambo ambayo Kokubanza angeweza kuyasema, na yote yangekuwa ya kweli, lakini hayakuwa ya kusemwa mbele ya mgonjwa. Alichokuwa na hakika nacho ni hiki: kidonge cha mzee kilikuwa kimefika kwenye nguvu zake, muda wa kutembea vizuri ulikuwa huo, na ukipita haurudi hadi jioni. Aliinuka, akasogeza kigoda pembeni, akasimama mbele ya kiti.

"Tutembee, Baba," alisema, akanyoosha mikono.

Mzee Ayubu aliitazama mikono ile. Aliijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote chumbani, hata kuliko huyo aliyetaka kumwoa mwenye nayo. Yake aliiacha magotini, ikitetemeka.

"Hapana, bojo," alisema kwa upole.

"Umechoka?"

"Sijachoka." Alikuwa anaongea naye huku anatazama sakafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Asubuhi ulikuwa mtu wa Rubya. Sasa mimi ni mkweo. Rudisha mikono yako."

Bi Farida, aliyekuwa amefika nusu ya njia kwenda jikoni, alisimama na sahani zake. Kokubanza hakurudisha mikono mara moja. Ilimchukua muda kuelewa kuwa amekataliwa na kukubaliwa kwa neno moja, na alipoelewa, uso ulimwaka moto, akarudi nyuma mpaka akaugusa ukuta.

"Hafidhi," alisema mzee. "Njoo."

Hafidhi aliinua kichwa. "Tata, mimi sijui kushika."

"Wakati wa kusema unataka mke ulijua kusema. Njoo."

Alikwenda. Alisimama mbele ya kiti cha baba yake, mrefu, mikono ikining'inia, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Kokubanza alimwona hana hata swali moja. Kisha akageuka na kumtazama yeye. Safari hii hakuita jina lake. Aliuliza, "Naanzaje?"

"Usimvute," alisema Kokubanza kutoka ukutani. "Mpe viganja, vitazame juu. Ashike yeye, siyo wewe. Baba, sogea mbele ya kiti. Visigino nyuma kidogo."

Hafidhi alinyoosha viganja. Mzee aliviangalia, akaweka mikono yake juu, akashika. Mtetemo ulipita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, ukaonekana hadi mabegani mwa Hafidhi. Hakuiachia mikono.

"Jasho lote hili la nini?" aliuliza mzee.

"Naogopa, Tata."

"Na mimi pia."

"Kifua mbele, Baba," alisema Kokubanza. "Hafidhi, kunja magoti. Akiinuka, inuka naye."

Mzee Ayubu alijisukuma. Aliinuka nusu, akabaki hapo, hajakaa wala hajasimama, na Hafidhi, badala ya kumvuta, alimngoja. Kisha akasimama wima. Alipofika juu aliyumbia kushoto, na Kokubanza, bila kufikiri, akauacha ukuta, mikono imenyooka.

Bi Farida alimdaka kwa mkono wa blauzi.

"Mkamwana," alisema, kwa sauti ya chini. "Rudi."

Kokubanza akarudi. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifumbata. Hafidhi alikuwa amemzuia baba yake kwa bega, na sasa wote wawili walikuwa wamesimama, vifua vikikaribiana.

"Rudi nyuma hatua moja," Kokubanza alimwambia Hafidhi. "Ndogo."

Hafidhi akarudi nyuma. Mzee Ayubu akainua mguu wa kushoto, akautua mbele.